Kikombe cha Mama Kina Maarifa

Rebeka alipokwenda kisimani jioni ile na mtungi wake begani, hakujua kwamba mzee aliyemwomba maji ametumwa kumtafutia mwana wa bwana wake mke. Alishusha mtungi upesi, akamnywesha mgeni, kisha akawatekea maji ngamia wake wote kumi mpaka wakatosheka. Habari hiyo, iliyo katika Mwanzo sura ya 24, twaijua tangu shule ya Jumapili. Ndoa ya Isaka ilianzia kwenye kinywaji ambacho mgeni alipewa kwa mkono wa mwanamke.

Tangu siku hizo mpaka leo, mahali pengi duniani mwenye mtungi ni mama. Mgeni akipiga hodi, kabla hajamaliza kueleza habari za nyumbani kwake, jikoni kuna kitu kimekwisha kuwekwa motoni. Ukitaka kuwajua watu wa nchi fulani, tazama kile wanachomkaribishia mgeni, na tazama nani anayekitengeneza.

Mwezi huu tunawaalika akina mama wenzetu tufunge safari. Tutaanzia Ethiopia, tuvuke bahari hadi Omani, twende Amerika ya Kusini na Meksiko, kisha turudi majikoni kwetu. Tumechagua vinywaji visivyolevya, vile ambavyo mama anaweza kuvimimina mbele ya mume, watoto na mchungaji bila wasiwasi. Katika kila kituo tutauliza: ni maarifa gani yaliyomo ndani ya kikombe hiki? Maana, kama tutakavyoona, maarifa hayo yakiachwa, kinachopotea si ladha peke yake.

ETHIOPIA: KIKOMBE CHA TATU NI BARAKA

Mti wa kahawa aina ya arabika asili yake ni misitu ya milima ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Huko kahawa huitwa buna, na kuinywa ni shughuli yenye utaratibu wake, ambayo huongozwa na mama wa nyumba au binti yake.

Kwanza hutandazwa majani mabichi sakafuni, na ubani hutiwa kwenye kaa la moto. Mama huosha buni, huzikaanga polepole juu ya jiko la mkaa, kisha huwapitishia wageni kikaango kikiwa bado chafuka moshi ili kila mmoja avute harufu. Baada ya hapo buni hutwangwa kwa kinu na mchi. Unga wake hutiwa katika jebena, yaani chungu cheusi cha udongo chenye shingo ndefu, na kuchemshwa. Kahawa humiminwa toka juu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na mara nyingi huliwa pamoja na bisi.

Kazi haijaisha hapo. Maji huongezwa katika jebena ile ile na kahawa huchemshwa mara ya pili, halafu mara ya tatu. Mzunguko wa kwanza huitwa abol, wa pili tona, na wa tatu, ambao ni mwepesi kuliko yote, huitwa baraka. Neno ni lile lile tunalolitumia sisi, na maana yake ni ile ile. Mgeni anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu huonekana kama amekimbia baraka. Kwa hiyo watu hukaa. Saa nzima au zaidi hupita, na ndani ya saa hiyo majirani hupeana habari, wanaogombana husuluhishwa, na msichana aliyekaa karibu na mama yake hujifunza namna ya kukaanga buni bila kuziunguza.

Jambo moja litawashangaza wasomaji wetu. Kwa muda mrefu Kanisa la Orthodox la Ethiopia halikutaka waumini wake wanywe kahawa, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa kinywaji cha watu wa dini nyingine. Katazo hilo lililegea katika nusu ya pili ya karne ya 19, na Mfalme Menelik wa Pili, aliyetawala tangu 1889 hadi 1913, mwenyewe aliinywa. Leo Mkristo na Mwislamu wa Ethiopia hualikana kwenye jebena moja. Kikombe kilichowatenganisha watu kimekuwa cha kuwakutanisha.

OMANI: DELE NA TENDE

Kahawa ilivuka Bahari ya Shamu ikaingia Yemeni, na huko, katika karne ya 15, watu wa dini waliinywa ili wasisinzie katika ibada za usiku. Kutoka Yemeni ilienea Uarabuni kote. Wenzetu wa Mombasa, Lamu, Zanzibar na Tanga hawahitaji maelezo marefu hapa, kwa maana pwani yetu na Omani zimeshirikiana kwa karne nyingi, na maneno yenyewe yanatoa ushahidi: kahawa na dele.

Huko Omani kahawa hutiwa iliki, haitiwi sukari. Utamu hutoka kwenye tende inayotangulia kikombe. Mgeni hutiliwa kidogo kidogo, si kwa sababu ya uchoyo, bali ili aongezewe mara kwa mara ikiwa bado ya moto. Akitosheka hatamki neno. Hukitikisa kikombe chake kidogo, na mwenye dele huelewa. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka kahawa hii ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la Omani, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Katari.

Hebu tuangalie busara iliyomo: tende mbili na kahawa chungu. Mgeni ameonja utamu, lakini hakuna aliyemimina vijiko vya sukari ndani ya kikombe.

ARGENTINA NA PARAGUAI: MBEGU ILIYOSAHAULIKA

Sasa tuvuke bahari kubwa ya Atlantiki. Katika nchi za Argentina, Paraguai, Uruguai na kusini mwa Brazili watu hunywa mate. Ni majani makavu ya mti wa porini ambao Wahindi wa kabila la Waguarani waliutumia kabla Wazungu hawajafika. Majani hujazwa katika kibuyu kidogo, hutiwa maji ya moto, na kinywaji hufyonzwa kwa mrija wa chuma wenye kichujio mwishoni. Kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja kwa watu wote waliokaa pamoja. Anayemimina hunywa wa kwanza, kisha humjazia wa pili, wa tatu, mpaka duara litimie. Ukisema "asante" wakati wa kurudisha kibuyu, maana yake umetosheka, usipewe tena. Paraguai, ambako jua ni kali, hutumia maji baridi na majani ya dawa yaliyopondwa. Hiyo huitwa terere, nayo iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2020.

Kama ilivyokuwa kwa kahawa kule Ethiopia, mwanzoni watawala wa Kihispania na baadhi ya mapadre waliupinga mmea huu wakiuita tabia mbaya ya washenzi. Baadaye mapadre Wajesuiti, walioishi na Waguarani katika vijiji vya misheni, ndio waliogundua jinsi ya kuziotesha mbegu zake, ambazo ni ngumu sana kuota, wakapanda mashamba makubwa karibu na vijiji. Ukawa ni uchumi wa misheni nzima.

Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza Wajesuiti katika makoloni yake. Vijiji vilitawanyika, mashamba yakamezwa na msitu, na ujuzi wa kuotesha mbegu ukapotea pamoja na waliokuwa nao. Kwa zaidi ya miaka 100 watu walirudi kuchuma majani porini, mbali na makazi yao. Vibarua waliofanya kazi hiyo walifungwa kwa madeni na kuteswa kama watumwa. Ni karibu na mwanzo wa karne ya 20 tu ndipo mbegu zilipooteshwa tena kwa wingi. Wote walijua kunywa mate, lakini waliojua kuipanda walikuwa wachache. Nao walipoondoka, taabu iliwaangukia maskini.

Tusiiache Amerika ya Kusini bila onyo moja. Mwaka 2016 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilieleza kwamba kunywa kinywaji chochote cha moto sana, yaani kinachozidi nyuzi 65 za Selsiasi, yawezekana huchangia saratani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula. Tatizo lilionekana kuwa ni moto, si majani. Afrika Mashariki yetu imo katika eneo ambalo ugonjwa huo ni wa kawaida. Basi chai ya mume wako na uji wa watoto viache vipoe kidogo kabla ya kunywewa.

MEKSIKO: UJI WA SIKUKUU

Kituo chetu cha mwisho ugenini ni Meksiko, nchi ambako mahindi yalianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita. Huko mama akitaka kuwaamsha watoto asubuhi ya baridi huwapikia atole. Mama wa Kiafrika akiionja atasema mara moja, "Kumbe ni uji!" Naam, ni uji wa mahindi, wenye sukari guru na mdalasini. Mwanamke anayenyonyesha hupewa aupate nguvu, kama sisi tunavyofanya.

Atole ina nafasi yake katika kalenda ya Kanisa. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi, familia hukata mkate wa duara ambao ndani yake kimefichwa kisanamu kidogo cha mtoto Yesu. Atakayekikuta katika kipande chake ana deni: tarehe 2 Februari, siku ya kukumbuka mtoto Yesu alivyopelekwa hekaluni, atawakaribisha wote nyumbani kwake kwa atole na tamale, yaani mikate ya unga wa mahindi iliyofungwa katika maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Hivyo furaha ya Krismasi hurefushwa mpaka Februari, ikipita nyumba kwa nyumba.

Lakini siri ya atole iko katika hatua inayotangulia. Kabla ya kusaga, akina mama wa Meksiko huchemsha mahindi katika maji yenye chokaa (ya chakula, si ile ya kupaka ukuta), huyaacha usiku kucha, huyaosha, ndipo huyasaga. Walifanya hivyo kabla ya kuja kwa Wazungu, bila maabara wala kitabu. Sasa twajua kwa nini jambo hilo lilikuwa la maana: mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua. Chokaa huifungua.

Wazungu waliyachukua mahindi wakayapeleka kwao, wakaacha maarifa ya akina mama. Katika nchi ambako maskini walikula mahindi karibu peke yake, ulizuka ugonjwa wa ajabu: ngozi ilikauka na kupasuka, mtu akaharisha, akachanganyikiwa akili, na wengi walikufa. Daktari mmoja wa Hispania aliueleza mwaka 1735. Waitalia waliuita pelagra, kwa maana ya ngozi iliyokwaruza. Kusini mwa Marekani, katika miaka 40 ya mwanzo ya karne ya 20, inakadiriwa kwamba uliua watu wapatao 100,000. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, mpaka Dakta Joseph Goldberger, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1914, alipoonyesha kwamba asili yake ni chakula. Mwaka 1937 ndipo ilipojulikana kwamba dawa ni niasini.

Wala si habari ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa msaada wa mahindi. Karanga zilipokosekana katika mgao wao, zaidi ya watu 17,000 walipatwa na pelagra. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini.

Mama wa kwetu aliyesisitiza kwamba ugali uliwe na maharage, au uji utiwe karanga za kusaga, alikuwa anawakinga watoto wake, hata kama hakulijua jina la vitamini hiyo.

TURUDI NYUMBANI: TOGWA

Tumeona maarifa ya kuotesha mbegu yakipotea kwa miaka zaidi ya 100. Tumeona nafaka ikichukuliwa na maarifa yakiachwa, na watu wakifa. Je, sisi nasi tunabeba nini na tunaacha nini?

Katika mikoa ya Ruvuma, Iringa, Mbeya na mingineyo ya Tanzania, togwa ni kinywaji cha shamba, cha mgeni na cha arusi. Uganda wana obushera, Zimbabwe wana mahewu, na yote ni ndugu wa togwa. Hupikwa uji wa mahindi, mtama au ulezi, ukapoa, ukatiwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Saa chache baadaye uji mzito umekuwa mwepesi, na kesho yake una utamu na uchachu wake.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walieleza umuhimu wa kimea. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi uliojaa maji humshibisha bila kumpa nguvu, na uji mzito humshinda kumeza. Kimea huvunja wanga, hivyo mama anaweza kutumia unga mwingi na bado uji ukanyweka. Watoto wengi wanaodhoofika baada ya kuachishwa ziwa hawakunyimwa uji. Walipewa maji yenye rangi ya uji.

Faida ya pili iko katika uchachu wenyewe. Katika miaka ya 1990 utafiti uliofanyika Tanzania kwa watoto wadogo ulionyesha kwamba wale waliokunywa togwa walipungukiwa na vijidudu vya kuharisha tumboni. Asidi inayotokea katika uchachu haivipendezi vijidudu hivyo.

Siku hizi arusi ikikaribia, kamati huhesabu kreti za soda. Nasi hatusemi soda ni dhambi. Lakini chupa moja ya mililita 350 mara nyingi ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na haina kingine cha kumjenga mtoto. Mabinti zetu wengi wanajua kufungua chupa. Wangapi wanajua kuotesha ulezi? Waliokuwa wakijua wanazeeka. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kimea: Chagua ulezi safi. Nafaka yenye ukungu itupwe kabisa, kwa maana sumu yake haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huko Kenya, na mwaka 2016 watu 20 katikati mwa Tanzania. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa safi kibichi siku mbili au tatu ukinyunyizia maji. Ukichipua, anika juani hadi ukauke, pukusa machipukizi, kisha saga. Ukitumia mtama badala ya ulezi, hakikisha machipukizi na mizizi yote imetolewa, kwani yana sumu.

Togwa: Pika uji mzito kidogo kwa maji safi hadi uive vizuri. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu; kimea hakifanyi kazi kwenye uji wa moto sana. Tia kimea, vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa kila lita, koroga, funika, na uweke mahali pa joto usiku mzima. Kesho yake iko tayari. Inywewe siku hiyo au inayofuata, kwa sababu ikikaa zaidi itageuka kuwa pombe.

Kwa mtoto mdogo: Mtoto chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Baada ya hapo, tia kimea kidogo katika uji mzito ulio vuguvugu, ukishakuwa mwepesi urudishe motoni uchemke tena, kwa kuwa kimea hakijapikwa. Ongeza karanga zilizosagwa laini au maziwa.

MIKONONI MWETU

Bwana wetu alisema kwamba anayempa mmoja wa wadogo hawa kikombe cha maji baridi hatakosa thawabu yake. Hakudharau kikombe. Nasi tusidharau. Mama wa Ethiopia hupata saa nzima kwa ajili ya jirani yake. Mama wa Meksiko hulaza mahindi yake usiku kucha. Mama wa Songea hungoja siku tatu ulezi uchipue. Upendo wa namna hiyo haununuliwi dukani, nao hauwezi kurithiwa kama haujafundishwa.

Basi Jumamosi moja mwezi huu, mwite binti yako jikoni, na mwanao wa kiume pia, muoteshe ulezi pamoja. Kama bibi yao yu hai, mwombeni aje akae kitini na kuongoza kazi. Na arusi ijayo, akina mama wa kanisa, kando ya zile kreti pawekwe mtungi mmoja wa togwa. Tutasikia wageni watakimbilia wapi kwanza.